Bima ya umma na tiba ya nyumbani kwa simu katika ufuo wa Ziwa Victoria

Tiba ya mbali ni huduma ambapo daktari humhoji na kumshauri mgonjwa kwa simu au video, bila kukutana naye ana kwa ana. Kwa mgonjwa wa kisukari katika kisiwa cha Mfangano, Kaunti ya Homa Bay, ambaye hupanda mashua kila anapotumwa hospitali ya bara, huduma hiyo si anasa. Suala zito ni nani anayepaswa kuilipia.

Hazina ya Kitaifa ya Bima ya Hospitali (NHIF) iliundwa mwaka 1966 na, kama jina lake lilivyodokeza, msingi wake ulikuwa kitanda cha hospitali. Wanachama wa kawaida wasiolazwa walianza kugharimiwa kwa upana mwaka 2015 pekee.

Desemba 2018, Rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta alizindua mjini Kisumu majaribio ya mpango wa Afya kwa Wote. Kaunti zilizoteuliwa zilikuwa Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Ada ziliondolewa katika hospitali za umma, lakini nauli ya kufika huko ilibaki juu ya mgonjwa.

Oktoba 2023, Rais William Ruto alitia saini sheria nne za afya. Sheria ya Afya ya Kidijitali iliitambua tiba ya mbali, nayo Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ikaunda Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, na mchango wa chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi.

SHA ina hazina tatu: ya afya ya msingi, ya bima ya hospitali, na ya dharura na maradhi sugu. Hata hivyo, malipo huelekezwa kwa kituo kilichowekeana mkataba na mamlaka hiyo, wala si kwa nyumba ya mgonjwa. Kwa hivyo, tiba ya simu hugharimiwa pale tu kituo hicho kinapoitoa na orodha rasmi ya huduma inapoitambua. Hapo ndipo penye pengo.

Kiungo cha kuliziba kipo. Septemba 2023, serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, waliopewa simu pamoja na vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari. Mhamasishaji akipima nyumbani, daktari aliye Kisumu anaweza kuamua bila mgonjwa kuvuka ziwa.

Rwanda ilithibitisha kwamba jambo hilo linawezekana. Bima yake ya jamii, Mutuelle de Santé, iliwalipia wanachama ushauri wa simu uliotolewa na kampuni ya Babyl. Lakini huduma hiyo ilifungwa mwaka 2023, baada ya kampuni mama nchini Uingereza kuporomoka. Funzo ni kwamba bima ya umma haifai kuegemea mlango mmoja.

Simu nayo ina mipaka. Mtoto mwenye malaria kali au mjamzito anayevuja damu sharti afikishwe hospitalini mara moja.

Mwanachama anaweza kujisajili kwa kubonyeza *147#. Kabla ya kupokea ushauri wa simu, aulize iwapo kituo kina mkataba na SHA, na iwapo atadaiwa ada yoyote.