Mwisho Uliotajwa Kabla ya Wakati: Usiku Mmoja wa Mieleka ya Televisheni na Suala la Matokeo katika Masimulizi

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza vipindi viwili vya mieleka vilivyoonyeshwa kwenye televisheni nchini Marekani usiku mmoja, Jumatatu tarehe 4 Januari 1999. Kimoja, Raw, kilikuwa cha kampuni ya WWF; cha pili, Nitro, kilikuwa cha kampuni ya WCW. Usiku huo mtangazaji wa Nitro aliwaambia watazamaji wake, kabla ya wakati, nani angeshinda katika pambano kuu la Raw. Alidhani kwamba kwa kuutaja mwisho huo alikuwa ameiua hamu ya kuutazama. Mambo yakawa kinyume. Tunanuia kuonyesha kwamba kosa lake halikuwa la kibiashara tu, bali lilikuwa pia la kinadharia: alichukulia kwamba hadithi ni matokeo yake. Dhana hiyo ingali na mizizi katika ufundishaji wetu wa fasihi, na ndiyo sababu tukio hili la mbali linastahili nafasi katika jarida la uhakiki.

Huenda msomaji akauliza iwapo mieleka ya aina hii ni sanaa. Ikumbukwe kwamba hatuzungumzii mieleka ya Olimpiki, wala ile ya jadi ambamo wapiganaji hushindana kwa dhati. Katika mieleka ya kulipwa mshindi huamuliwa kabla, mahasimu hushirikiana, na kila mmoja huwa na jina, vazi na tabia za mhusika. Kwa miongo mingi siri hiyo ililindwa kwa mwiko ambao wanamieleka wenyewe huuita keifebi. Mwaka 1989, ili kujitoa katika masharti yaliyotawala michezo ya ulingoni, kampuni ya WWF ilikiri mbele ya watunga sheria wa jimbo la New Jersey kwamba kazi yake ni burudani, si mashindano. Kufikia 1999, basi, mtazamaji mzima alijua alichokuwa akikitazama. Swali la mhakiki si iwapo watazamaji walidanganywa. Swali ni hili: walikuwa wakingojea nini, ilhali walijua kwamba mshindi amekwisha kuchaguliwa?

2. Usuli: ushindani wa Jumatatu

Raw ilianza kuonyeshwa mnamo Januari 1993. Nitro, iliyokuwa chini ya tajiri wa televisheni Ted Turner, ilizinduliwa tarehe 4 Septemba 1995 katika jumba la maduka la Mall of America, jimboni Minnesota. Muda si muda vipindi hivyo viwili vikawa vinagombania watazamaji wale wale saa ile ile. Palikuwa na tofauti moja ya kiufundi baina yao. Nitro aghalabu ilirushwa moja kwa moja. Raw, kwa ajili ya kubana matumizi, mara nyingi ilirekodiwa siku kadhaa kabla. Eric Bischoff, msimamizi wa Nitro, aliigeuza tofauti hiyo kuwa silaha. Tangu majuma ya mwanzo alitumia matangazo yake mwenyewe kufichua matokeo ya Raw iliyorekodiwa, ili mtazamaji asione haja ya kubadilisha kituo.

Mbinu hiyo ilielekea kufaa. Kuanzia katikati ya 1996 Nitro iliishinda Raw kwa kiwango cha watazamaji majuma 83 mfululizo, hadi Aprili 1998. Hata hivyo, ushindi huo ulikuwa na sababu nyingine nzito zaidi, hasa kule kugeuka kwa Hulk Hogan, shujaa wa miaka mingi, kuwa mhalifu mnamo Julai 1996. Kilichowavuta watu kilikuwa msuko uliowashangaza na kuwadai warudi juma lililofuata. Bischoff alivuna matunda ya usimulizi bora, akaamini kwamba ameyavuna kwa kufichua siri za jirani. Imani hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye usiku tunaouzungumzia.

3. Worcester: mwisho uliojulikana

Kipindi cha Raw cha tarehe 4 Januari kilirekodiwa tarehe 29 Desemba 1998 mjini Worcester, jimboni Massachusetts. Katika pambano kuu, bingwa aliyeitwa The Rock, yaani Dwayne Johnson, alikabiliana na Mankind, mhusika wa Mick Foley. Mankind alikuwa kiumbe mwenye barakoa ya ngozi, mwili mzito usio na urembo na sauti ya mtu aliyezoea kukataliwa. Kwa vigezo vya mieleka ya Marekani, iliyopenda mabingwa wenye misuli ya kuchongwa, hakuwa na sura ya bingwa.

Ili kuelewa uzito wa pambano hilo hatuna budi kurudi nyuma. Kati ya 1991 na 1994 Foley alikuwa mwanamieleka wa WCW kwa jina la Cactus Jack. Mnamo Machi 1994, katika onyesho la Munich, Ujerumani, shingo yake ilinaswa na kamba za ulingo, na alipojinasua akapoteza sehemu kubwa ya sikio la kulia. Aliondoka WCW mwaka huo bila ya kuwahi kuwa bingwa wake wa dunia. Mnamo Juni 1998, akiwa tayari WWF, alitupwa kutoka juu ya kizimba cha chuma mjini Pittsburgh, akaangukia meza ya watangazaji iliyokuwa karibu mita tano chini. Na mnamo Novemba 1998, katika fainali ya kuwania ubingwa mjini St. Louis, kengele ilipigwa kwa amri ya mwenye kampuni, Vince McMahon, na Mankind akatangazwa kuwa amesalimu amri ilhali hakuwa amesema neno. The Rock akapewa mkanda.

Tunaona kwamba msuko ulikuwa umefungua deni. Mhusika alikuwa amedhulumiwa hadharani, na hadhira ilikuwa shahidi. Katika kipindi cha Worcester, Mankind alimkamata Shane, mwanawe McMahon, akatishia kumvunja bega mpaka baba akubali kumpa nafasi ya kuwania ubingwa. Wakati wa pambano, washirika wa pande zote mbili waliuzingira ulingo. Kisha Steve Austin, kipenzi cha watazamaji na hasimu mkubwa wa McMahon, alijitokeza ghafla, akampiga The Rock kwa kiti na kumlaza Mankind juu yake. Mwamuzi akahesabu hadi tatu. Kelele za ukumbi zilikuwa za watu wanaolipwa walichodai kwa muda mrefu, na Foley akautoa ushindi wake kwa watoto wake.

Huku hayo yakisubiri kuonyeshwa, Tony Schiavone, mtangazaji wa Nitro, kwa maelekezo ya Bischoff, aliwaambia watazamaji wasihangaike kubadilisha kituo. Alieleza kwamba Mick Foley, yule aliyewahi kupigana kwao kama Cactus Jack, angeshinda ubingwa wa wenzao, akaongeza kwa kejeli kwamba hilo ndilo litakalojaza viti. Inasimuliwa kwamba laki kadhaa za watazamaji waliihama Nitro mara moja. Kwa vipimo vya kampuni ya Nielsen, usiku huo Raw ilipata 5.7 na Nitro 5.0. Katika majuma yaliyofuata watazamaji walikwenda kumbini na mabango yaliyotangaza kwamba ni Foley aliyewaketisha vitini mwao.

Watu hao walihama kwa sababu walikuwa wameambiwa mwisho. Habari iliyokusudiwa kuwa kizuizi iligeuka kuwa mwaliko. Sisi tuliokulia katika mapokeo ya ngano hatupaswi kushangaa. Fanani anaposema ‘Paukwa!’ na hadhira ikajibu ‘Pakawa!’, mara nyingi kila aliyepo anajua jinsi Sungura atakavyomponyoka Fisi. Anayeitikia hajaomba habari mpya. Ametia saini mkataba kwamba atakuwepo wakati haki itakapotendeka.

4. Atlanta: mwisho uliofichwa

Kinaya cha usiku huo hukamilika tunapoitazama Nitro yenyewe. Ilirushwa moja kwa moja kutoka Georgia Dome, Atlanta. Katika jumba hilo hilo, tarehe 6 Julai 1998, Bill Goldberg, aliyewahi kuichezea timu ya kandanda ya Kimarekani ya Atlanta Falcons, alimshinda Hogan na kuwa bingwa mbele ya umati mkubwa wa mashabiki wa nyumbani. Mnamo Desemba alinyang’anywa ubingwa na Kevin Nash kwa hila. Watazamaji wa Januari waliahidiwa pambano la marudiano baina ya Goldberg na Nash. Hapa pia palikuwa na deni.

Halikulipwa. Ndani ya msuko, Goldberg alikamatwa na polisi kwa tuhuma za uongo, na Hogan akachukua nafasi yake. Kengele ilipolia, Hogan alimgusa Nash kifuani kwa kidole kimoja. Nash akaanguka chali kana kwamba amepigwa risasi, akalaliwa, na Hogan akawa bingwa. Ikabainika kwamba wawili hao walikuwa wameshirikiana tangu mwanzo. Goldberg alipofika, alipigwa na kufungwa pingu kwenye kamba za ulingo.

Hakuna aliyekuwa ameutaja mwisho huo kabla. Kama thamani ya hadithi ingekuwa katika kutojua, basi Nitro ndiyo iliyostahili kushinda. Lakini mshangao wake ulikuwa wa dhihaka: wahusika waliwacheka waziwazi watu waliolipa viingilio ili kuona ahadi ikitimizwa. Tofauti ya Worcester na Atlanta, kwa hiyo, ni ile iliyopo baina ya ahadi iliyotimizwa na ahadi iliyovunjwa.

Hapa mwanahistoria ana wajibu wa kutahadhari. Hupendwa kusemwa kwamba usiku huo ndio ulioiua WCW. Kauli hiyo ni nyepesi mno. Nitro ilikuwa imeishinda Raw kwa mara ya mwisho mnamo Oktoba 1998, miezi miwili na zaidi kabla. Kampuni iliendelea kuishi hadi Machi 2001, iliponunuliwa na McMahon baada ya hasara kubwa na mabadiliko ya wenye televisheni waliokataa kuirusha tena. Usiku mmoja hauangushi taasisi. Unaweza, hata hivyo, kudhihirisha ugonjwa uliokuwamo, na ugonjwa huo ulikuwa kuidharau hadhira.

5. Barthes na suala la muda

Mhakiki wa Kifaransa Roland Barthes aliifungua Mythologies, kitabu chake cha 1957, kwa insha juu ya mieleka ya kumbi za Ufaransa. Alisisitiza kwamba mieleka ni tamasha, si mchezo, na kwamba hadhira haijali kama pambano limepangwa. Katika hilo tunakubaliana naye. Lakini alidai pia kwamba ndondi ni hadithi inayojengwa mbele ya mtazamaji, ilhali katika mieleka kila tukio hujitosheleza: uchungu, kushindwa na haki huonekana papo hapo, bila ya kuhitaji jana wala kesho.

Kwa mieleka ya televisheni dai hilo halitoshi. Mankind wa Worcester haeleweki bila ya St. Louis, na St. Louis haina uchungu bila ya Pittsburgh na Munich. Kipindi cha kila juma kiliigeuza mieleka kuwa riwaya ya mfululizo, na muda ukawa malighafi yake kuu. Kwa kumtaja Foley kwa jina lake la zamani, Schiavone mwenyewe aliwakumbusha watazamaji miaka ya mateso ambayo ushindi huo ulikuwa unaifidia. Alitaka kuyafupisha masimulizi, lakini kwa sentensi moja akayarefusha.

6. Mwili kama mpaka wa ubunifu

Lipo jambo moja linalotuzuia kuhitimisha kwa furaha. Tarehe 24 Januari 1999, siku ishirini baada ya Raw kuonyeshwa, Foley na Johnson walikutana tena mjini Anaheim, California. Mshindi angekuwa yule atakayemlazimisha mwenzake kutamka kwamba amesalimu amri. Foley, mikono yake ikiwa imefungwa pingu, alipigwa kwa kiti kichwani mara kadhaa huku mkewe na watoto wake wakiwa safu ya mbele. Filamu ya hali halisi Beyond the Mat, ya mwaka huo huo, iliwaonyesha watoto hao wakilia. Sauti iliyotangaza kusalimu amri ilikuwa ya Foley, lakini haikutoka kinywani mwake wakati huo: ilikuwa kanda iliyorekodiwa kabla.

Matokeo yalikuwa ya kubuni, na hata maneno ya kushindwa yalikuwa ya kubuni. Viti havikuwa vya kubuni. Mwaka 2010 kampuni hiyo, iliyokuwa imebadilisha jina na kuitwa WWE, ilipiga marufuku mapigo ya viti kichwani. Anayesema kwamba mieleka ‘ni uongo tu’ anafanya kosa lile lile la Schiavone: akishajua matokeo, anadhani amejua yote. Haoni njia iliyopitiwa, wala hamwoni aliyeilipia kwa mwili wake.

7. Hitimisho

Mnamo Oktoba 1999 Foley alichapisha tawasifu aliyoiandika mwenyewe kwa mkono, Have a Nice Day!, iliyofika kileleni mwa orodha ya vitabu vilivyouzwa sana ya gazeti la New York Times. Wasomaji walijua mhusika wake alishinda wapi na akashindwa wapi. Walikinunua kwa kuwa walitaka kujua ilikuwaje.

Funzo hili linatuhusu. Katika shule zetu mwanafunzi hupewa mwongozo wa kitabu teule uliojaa muhtasari, naye huamini kwamba kwa kujua nani alikufa na nani aliolewa amekwisha kuisoma tamthilia au riwaya. Mtahini naye humthibitishia imani hiyo anapouliza kilichotokea, asiulize ni deni gani lilifunguliwa, ni nani aliyelibeba, na kama lililipwa. Uhakiki unaoishia kwenye matokeo unarudia tangazo la Nitro: unawaambia wasomaji hakuna haja ya kwenda kutazama. Kazi ya mhakiki ni kuutaja mwisho kwa namna itakayowafanya wainuke waende kuuona.