Akiba Nayo Huoza

Wahenga walisema akiba haiozi. Mimi niliyetumia miaka mingi kuwafundisha walimu naongeza: akiba ya maandishi huoza, tena kimyakimya. Tulifundishana kuandika orodha ya wanafunzi kwa nakala mbili. Lakini karatasi ya kaboni haina akili. Jina likikosewa juu, chini nalo hukosewa vilevile. Nakala mbili kupatana si ushahidi kwamba zasema kweli.

Hapa Ngara jambo hilo lilionekana mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama saa 24, na kambi ya Benaco ikazaliwa. Mwanzoni chakula kilipitia kwa viongozi waliokimbia pamoja na watu wao, kwa orodha zao. Humo mlikuwa na majina yasiyo na watu, na mjane asiye na mtetezi aliweza kulala na njaa. Kunakili orodha hizo upya kusingefaa kitu. Ilibidi kuwahesabu watu wenyewe.

Kompyuta nazo hazikuepuka. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayowatunzia kazi waandishi wa programu, iliona kompyuta yake ya akiba imebaki nyuma ya ile kuu. Fundi mmoja, usiku, alikusudia kuifuta ya akiba ili aijaze upya. Akafuta ile kuu. Walipokimbilia nakala ya kila siku, hawakukuta kitu: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo lisilolingana na hazina yenyewe, na barua za kuonya zilikuwa zikikataliwa bila mtu kujua. Waliokolewa na nakala ya saa 6 kabla, iliyochukuliwa kwa shughuli nyingine. Taarifa za saa hizo 6 zilipotea.

Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kurekebisha nakala, hakikisha ipi ni ipi. Kisha usiilinganishe na ndugu yake tu. Irudishe kwenye chimbuko. Nawe mwalimu mkuu, usingoje moto wala mchwa. Kila muhula ichukue ile nakala ya kabatini, chagua majina 10, nenda darasani uyaite. Asipoitika mtu, anza kuuliza siku hiyo hiyo.