Dari la Bibi na Dari la Masaki

Mwaka 2023 nilibeba vigae. Binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, ni fundi. Alinitoa Kingolwira akanipeleka Dar es Salaam nikamsaidie kazi kwenye ghorofa moja jipya huko Masaki. Basi mimi, na cheti changu cha kidato cha nne na daftari la riwaya isiyokwisha, nikawa saidia fundi. Lifti ilikuwa haijafungwa, kwa hiyo vigae vyote vilipanda juu kwa mabega yetu.

Siku ya mwisho, tukiwa tunafagia vumbi, akaingia dalali na mteja wake. Dalali akatandaza mikono: "Hii ndiyo loft, mzee. Haina kuta za kati, juu kuko wazi, na bahari ile pale." Bei akaitaja kwa dola. Nilijaribu kuigeuza kichwani iwe shilingi, nikashindwa. Walipoondoka nikamwuliza binamu, loft ni nini?

"Dari tu, mshikaji," akacheka. "Dari la Kizungu."

Ndugu msomaji, dari mimi nalijua! Jikoni kwa bibi yangu kuna dari la fito, juu ya mafiga. Mahindi hukaa humo yakifukizwa moshi, fukusi wasiyaguse. Utotoni nilikuwa nikitumwa kupanda kuyateremsha, nashuka macho yananitoka machozi. Sasa iweje dari liuzwe kwa pesa ya kununua kijiji? Swali hilo lilinikaa kichwani, nikaanza kuifuata historia yake.

Hadithi ya dari la Kizungu inaanzia viwandani. New York kuna mtaa unaoitwa SoHo, uliojaa majengo ya karne ya 19 yenye nguzo za chuma, madirisha makubwa na kumbi pana. Yalikuwa maghala na viwanda vya nguo. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vikaanza kuhama, majengo yakabaki matupu. Wachoraji na wachongaji wasio na kitu mfukoni wakaingia humo kwa sababu kodi ilikuwa ndogo, nafasi kubwa na mwanga tele. Sheria ilikataza mtu kulala ghalani, wao wakalala hivyo hivyo, kwa kujificha. Mwaka 1971 jiji likawaruhusu wasanii kuishi SoHo. Mwaka 1982 ikaja sheria nyingine ya kuwalinda wapangaji wa maghala. Lakini wenye pesa walikwisha kuona kwamba pale pana raha. Kodi zikapanda, na wasanii wengi wakafungasha virago. Kwa hiyo kinachouzwa Masaki ni sura ya ghala, bila ghala na bila msanii!

Nilipouona mwaka huo wa 1971 nikasimama. Ni mwaka mkubwa kwetu pia. Mwezi Aprili 1971 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kutaifisha majumba. Jengo la thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, ambalo mwenyewe amelipangisha badala ya kulikalia, liliweza kuchukuliwa na serikali. Lililozidi miaka kumi halikulipwa fidia. Wengi wa walionyang'anywa walikuwa raia na wakazi wenye asili ya Asia, na wengi wao wakaondoka nchini miaka iliyofuata. Majumba yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, naye mwaka 1990 akaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962.

Msinielewe vibaya. Ukitaka kujua kwa nini sheria ile ilishangiliwa, rudi nyuma zaidi. Tangu 1891 Wajerumani waliweka kanuni za ujenzi Dar es Salaam: upande wa bahari, majengo ya Kizungu tu. Waingereza wakaendeleza mtindo huo wa kuugawa mji mafungu matatu. Uzunguni palikuwa na bustani na upepo. Uhindini palikuwa na maduka, na juu yake vyumba vya kulala. Mwafrika alikuwa na Kariakoo, mahali palipopata jina kwa kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Oysterbay iliposimama, ikawa ya maofisa wa kikoloni. Bei ya nyumba ilianza na rangi ya ngozi, ndipo ikafuata fedha.

Na ardhi je? Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu, Mali ya Taifa, akipinga ardhi igeuzwe bidhaa ya kuuzwa sokoni. Baada ya Uhuru umiliki wa daima wa kikoloni ukafutwa. Hata leo, kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na hati haizidi miaka 99. Ila mwaka 2008 ilitungwa sheria ya kumiliki sehemu ya jengo, na tangu hapo mtu anaweza kupata hati yake ya ghorofa ya saba, ingawa miguu yake haigusi kiwanja. Yaani yule mteja wa Masaki alikuwa ananunua hewa iliyozungushiwa ukuta, na sheria ndiyo iliyoifanya iuzike.

Hilo ndilo nililolipata katika safari yangu ya kusoma: kuta ni zile zile, kinachobadilika ni sheria inayosema nani alale ndani.

Ningeliacha hapo, lakini jambo limenifuata nyumbani. Reli ya Wajerumani ilifika Morogoro 1907, ikipita hapa Kingolwira, na mashamba ya mkonge yakafuata. Juni 2024 treni ya umeme ikaanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro, na madalali nao wakafuata. Mjomba amepata mnunuzi wa shamba la bibi, pamoja na pale penye jiko. Mtu wa Dar anataka kujenga nyumba ya kupumzikia, yenye ghorofa, aitazame milima ya Uluguru asubuhi.

Kwetu Waluguru shamba hufuata tumbo la mama. Ni la ukoo, lukolo, na mjomba ni msimamizi wake tu. Lakini hela ni hela, na mjomba ana watoto shuleni. Mwezi huu aliniita.

"Mpwa wangu, wewe ndiye msomi na mwandishi wetu. Tuandikie karatasi ya mauziano."

Miaka yote nimeomba mtu aniite mwandishi. Nimeandika tarehe tu, kalamu ikakwama. Nikamwambia, "Shikamoo mjomba, samahani. Kabla sijaendelea, tuwaite mama wote wa ukoo, na bibi awepo." Amenuna, lakini amekubali. Kikao ni Jumapili. Karatasi ninayo hapa, ndani ya daftari la riwaya.