Walipovuka wao kuja kwetu

Hapa Mantapala tukitaja kibali cha kazi tunakisema kama hali ya hewa: ndivyo ilivyo, Zambia ni Zambia. Lakini historia ya pwani hii ya Mweru ina kichekesho chake. Kuna wakati karatasi ilielekea upande wa pili. Wenyeji wa huku ndio waliokuwa wageni, na kazi ilikuwa kwetu Katanga.

Ziwa lenyewe lilifanywa mpaka mwaka 1894, Waingereza na watu wa Mfalme Leopold walipokubaliana huko Ulaya. Kabla ya hapo Mwata Kazembe alikuwa na watu ng'ambo zote mbili za Luapula, na aliyetaka kuvuka alihitaji mtumbwi tu. Halafu ikaja shaba. Union Minière ilianzishwa 1906, reli ikafika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka uliofuata tanuru likaanza kuyeyusha. Mashimo yalikuwapo, mikono ya kuyachimba haikutosha.

Basi kampuni ikaangalia huku, Northern Rhodesia. Kazi ya kukusanya watu ikapewa kampuni ya Robert Williams. Huyo naye hakuweza kuingia kijijini na kuondoka na vijana hivi hivi. Alihitaji ruhusa ya wenye nchi, na hadi 1924 wenye nchi walikuwa kampuni nyingine, British South Africa Company! Wakubwa wawili wakapatana juu ya watu ambao hawakuwa mezani. Serikali ilitaka mambo mawili hasa: mtu arudi, na arudi na pesa ya kodi. Kwa hiyo sehemu ya mshahara ilishikwa, akalipwa akifika kwao, na kodi ya kibanda ikapatikana. Huko Elisabethville Uingereza ilikuwa na konsuli wake wa kuwaangalia. Sisemi aliwaangalia vizuri, ila alikuwapo, na mchimbaji alijua mlango wa kupeleka malalamiko.

Sasa sikia hili. Miaka hiyohiyo serikali ilikuwa ikipigana na ugonjwa wa malale. Vijiji vya kando ya ziwa na mto viliamriwa kuhama, na kuvuka kwa mitumbwi kukazuiwa. Yaani mvuvi aliyetaka kwenda kumwona shemeji yake ng'ambo alikuwa mkosaji, na kijana aliyeandikwa na wakala alivuka mpaka uleule bila shida. Wengi walivuka hivyo hivyo, kwa siri. Wengine walienda migodini kwa miguu yao, bila wakala, wakatafuta kazi wenyewe. Na samaki wa Mweru, wakavu na wa chumvi, walikwenda kuwalisha wachimbaji.

Mambo yalikwisha mwanzoni mwa miaka ya 1930. Union Minière ilikuwa imeanza kupendelea wafanyakazi wa kukaa na familia zao kwa mikataba mirefu, Wabelgiji hawakupenda kutegemea watu wa Mwingereza, Copperbelt nayo ilikuwa imefunguka upande huu ikiwataka watu haohao. Mwisho bei ya shaba ikaanguka.

Karatasi ikageuka. Zambia ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1969, lakini ikaweka sharti lake kwenye kifungu cha 17. Kifungu hicho kinasema mkimbizi aliyekaa nchini miaka 3, au mwenye mume, mke au mtoto raia, asibanwe na masharti ya kulinda ajira za wenyeji. Zambia ikasema: hapana, huyo naye hatapata msamaha wa moja kwa moja, kibali cha kazi lazima. Sisi tuliovuka tangu 2017, tukapitia Kenani kabla Mantapala haijafunguliwa 2018, tumelikuta sharti hilo likitungoja. Wengi wetu tumeipita miaka 3 zamani.

Nchi ina haki ya kulinda kazi za watu wake, sibishani. Ninachouliza ni nani anaombaje. Namjua fundi wa injini za boti hapa kambini. Mfanyabiashara mmoja wa samaki Kashikishi alimtaka kwa dhati. Akaambiwa kuna barua, fomu, ada, na maelezo ya kwa nini asichukue Mzambia. Akahesabu safari na siku za kuacha boti zake, akanyamaza. Siku hizi humwita fundi wetu kama kibarua, siku moja moja, kwa bei ya chini, na asipolipwa hana pa kushtaki. Mchimbaji wa zamani alikuwa na konsuli. Huyu ana namba ya simu ya tajiri, ambayo haipokelewi.

Robert Williams alikuwa na ofisi, makarani na pesa, akaombea watu kwa maelfu. Mwenye boti mbili anaambiwa aombee mtu mmoja kwa jasho lilelile. Ndugu zetu wa mashirika, mnatufundisha ushonaji, useremala, umekanika, na vyeti tunavyo. Mkutano ujao na ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi nitauliza kama chama cha ushirika, au shirika lenyewe, linaweza kuomba kwa niaba ya waajiri wadogo kumi kwa pamoja. Majina ya mafundi walio tayari tumeanza kuyaandika. Hadi juzi yalikuwa 23.