SGP na Vyama Vikubwa vya Kihafidhina Uholanzi

SGP (Staatkundig Gereformeerde Partij) ni chama cha Wakalvini wenye msimamo mkali, kilichoanzishwa mwaka 1918 chini ya mchungaji Gerrit Hendrik Kersten. Kinataka nchi iongozwe kwa Biblia. Kimekuwamo bungeni tangu 1922 bila kuvuka viti 3, na hakijawahi kutoa waziri.

Udogo huo haujakizuia kutikisa serikali. Novemba 1925 Kersten alipendekeza bajeti ya ubalozi wa Uholanzi mjini Vatikani ifutwe. Chama cha CHU, cha Waprotestanti wahafidhina, kilikuwa serikalini pamoja na Wakatoliki, lakini katika jambo hili kiliafikiana na Kersten. Wapinzani nao waliiunga mkono, hoja ikapita, mawaziri Wakatoliki wakajiuzulu, na serikali ya Hendrikus Colijn ikaanguka.

Mfano wenye mafunzo zaidi ni wa 2011. Serikali ya Mark Rutte, ya chama cha kiliberali cha VVD na chama cha Kikristo cha CDA, ilitegemea kura za chama cha PVV cha Geert Wilders. Katika Seneti yenye viti 75, vyama hivyo vitatu vilipata 37 tu; kiti pekee cha SGP ndicho kilichotimiza 38. Yapo mambo ambayo SGP na VVD hukubaliana bila kulazimishana: ulinzi wa taifa, adhabu kali kwa wahalifu, kuiunga mkono Israeli. Kuhusu utoaji mimba, eutanasia na maduka kufunguliwa Jumapili, vinatofautiana kabisa.

Kwa hiyo athari ya SGP haionekani sana katika sheria zilizotungwa. Inafaa itafutwe katika zile zilizoachwa bila kuguswa. VVD, chama kinachojinadi kwa uhuru wa maoni, hakikuunga mkono kufutwa kwa kifungu cha 1932 kilichoharamisha kufuru wakati kilipohitaji kura ile moja. Serikali ilianguka Aprili 2012. Kufikia mwishoni mwa mwaka huo VVD ilikuwa imekubali, na kifungu kikaondolewa rasmi 2014.

Mpaka wa ushirikiano huo ni suala la wanawake, ambao SGP iliwanyima nafasi ya kugombea. Hapo hakuna chama kikubwa kilichoifuata. Mahakama ya Juu ya Uholanzi iliamua 2010 kwamba dola haiwezi kulivumilia jambo hilo, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaitupa rufaa ya chama 2012, na mwaka uliofuata SGP ikabadili kanuni zake.