George Lilanga na Mashetani Wanaosalimiana

Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka darasani picha moja kwa ajili ya zoezi la kueleza kwa mdomo. Ilikuwa nakala ya mchoro wa George Lilanga: viumbe sita au saba wenye masikio makubwa, midomo iliyochomoza, matumbo yaliyovimba na vidole viwiliviwili, wamebanana hata hujui mkono huu ni wa nani. Mmoja anaonekana ndiyo kwanza anafika. Nilipowaambia wanafunzi kwamba viumbe hao huitwa mashetani, binti mmoja ambaye wazazi wake walitoka Koyama, katika visiwa vya Wabajuni kusini mwa Kismayo, alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, hawa wamefanya nini hata waitwe mashetani?"

Sikuwa na jibu la haraka. Makala haya ni jaribio la kulijibu swali lake, na kwa kufanya hivyo kueleza kwa ufupi maisha ya msanii ambaye walimu wengi wa Kiswahili tumeziona kazi zake bila kumjua jina.

Tuanze na neno lenyewe. Shetani ni neno lililotujia kutoka Kiarabu pamoja na dini, na maana ya kwanza ambayo mwanafunzi hufundishwa ni ile ya adui wa binadamu, mwovu aliyelaaniwa. Lakini mwambao mzima una matumizi mengine. Mtu "ana shetani" au "amepandwa na shetani", na hapo neno linakaribiana na pepo: kiumbe asiyeonekana, mwenye tabia zake, mwenye kupenda na kuchukia, anayeweza kutulizwa kwa ngoma na kwa maneno mazuri. Shetani wa namna hii ana matakwa, na mwenye matakwa huzungumzika naye. Wamakonde walipoanza kukitumia Kiswahili kuwaeleza wateja wao wa Dar es Salaam viumbe wa porini waliosimuliwa huko kwao, neno walilolikuta limekaa tayari ni hilo hilo.

Katika historia ya uchongaji, mtindo wa shetani ni mpya kuliko wengi wanavyodhani. Kwa muda mrefu Wamakonde walijulikana kwa barakoa za mapiko zilizovaliwa katika ngoma za jando na unyago. Vinyago vya mashetani vya mpingo, vyenye jicho moja au mguu uliogeuka mkia, vilianza kuonekana Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950. Mchongaji anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Samaki Likankoa, na mfanyabiashara aliyevinunua na kuvitafutia soko ni Mohamed Peera. Kwa hiyo wale wanaoviita vinyago hivyo "sanaa ya kale ya Afrika" katika maduka ya watalii wanakosea kwa karne kadhaa. Ni sanaa ya mjini, iliyozaliwa kati ya mhamiaji, gogo la mpingo na duka.

Lilanga aliingia katika historia hiyo kwa kuchelewa kidogo. Alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, kusini mwa Tanzania, katika familia ya Kimakonde. Alipokuwa mtoto alijifunza kuchonga kwa mizizi ya muhogo, ambayo ni laini na haina gharama, kisha miti laini, na mwisho mpingo. Ngazi hizi tatu si za Lilanga peke yake. Lakini zinafaa kukumbukwa, kwa sababu baadaye katika maisha yake alirudi kwenye miti laini, na wapo waliomlaumu kwa hilo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam. Mjomba wake, Augustino Malaba, alikuwa mchongaji katika Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 kwa juhudi za Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Lilanga alipata kazi pale, lakini haikuwa kazi ya usanii. Aliajiriwa kama mlinzi wa usiku. Watu wanaopenda visa vya mafanikio hulitaja jambo hili kama kichekesho. Mimi naliona kwa namna nyingine: mtu aliyekwishafika miaka karibu arobaini, mwenye ufundi mikononi, analinda vifaa vya watu wengine, na mchana anaona jinsi vinavyotumika.

Hakukaa ulinzini muda mrefu. Nyumba ya Sanaa ilikuwa na kitu ambacho kijijini hakikuwapo, yaani vifaa vya namna nyingi mahali pamoja. Alichora kwa wino, akachapa michoro kutoka kwenye bamba, akatengeneza batiki, akachora juu ya ngozi za mbuzi, akabuni maumbo ya chuma. Katika kila kifaa aliwapeleka viumbe wale wale, na kila kifaa kiliwabadilisha kidogo. Mpingo hauruhusu shetani kunyosha mkono mbali sana, maana gogo lina mwisho wake. Karatasi inaruhusu. Hapo ndipo viumbe wa Lilanga walipoanza kurefuka, kupindana, kushikana na kujaza pembe zote za uwanja hadi pasibaki nafasi tupu. Nadhani hapa ndipo alipotengana na wachongaji waliomtangulia. Shetani wa mpingo mara nyingi yuko peke yake na anatisha. Shetani wa Lilanga hana wasaa wa kumtisha mtu. Yumo katika kundi, ana shughuli: anapiga ngoma, anabeba mtoto, anakunywa pombe, anamsema jirani yake, anamwamkia mgeni.

Mwaka 1978 kazi zake nyingi zilionyeshwa Washington, Marekani, na kuanzia hapo jina lake likawa linajulikana ng'ambo zaidi ya mtaani kwake. Wauzaji wa sanaa hupenda kusema kwamba Mmarekani Keith Haring, aliyepata umaarufu katika miaka ya 1980 kwa vikaragosi vyake vya mistari minene, alichota kwa Lilanga. Huenda ni kweli, huenda ni maneno ya soko. Kufanana kupo, lakini kufanana peke yake si ushahidi. Linalothibitika ni kwamba kazi za Lilanga ziliingia katika mkusanyo mkubwa wa Jean Pigozzi, na kwamba alikuwa miongoni mwa wasanii wa maonyesho ya Africa Remix yaliyoanza Düsseldorf, Ujerumani, mwaka 2004.

Baada ya miaka yake ya Nyumba ya Sanaa alifanya kazi kwa kujitegemea, nyumbani kwake. Alichukua rangi za mafuta zinazong'aa na mbao za hadibodi, vifaa ambavyo Edward Said Tingatinga, mhamiaji mwingine kutoka kusini, alikuwa amevitumia tangu mwaka 1968 hadi kifo chake mwaka 1972. Baadhi ya wachoraji wa mkondo wa Tingatinga walifanya kazi pamoja na Lilanga. Vinyago navyo vikabadilika: mti laini badala ya mpingo, na juu yake rangi za manjano, buluu, nyekundu na madoadoa. Wapenzi wa mpingo walinung'unika. Kwao rangi ilikuwa kumvisha Mmakonde nguo za sarakasi. Lakini ukivitazama vinyago hivyo kando ya michoro yake utaona kwamba ni watu wale wale wa mtaa ule ule. Wametoka tu ubaoni wakasimama.

Kisukari kilimdhoofisha, na katika miaka yake ya mwisho alikatwa miguu. Hapo karakana ya nyumbani ikawa ndiyo mikono yake. Vijana, wakiwamo jamaa zake, walichonga na kupaka rangi kwa kufuata michoro na maelekezo yake. Alifariki Dar es Salaam mwezi Juni 2005. Baada ya hapo soko lilijaa kazi zenye jina lake, na si zote zilizopita mbele ya macho yake. Wanunuzi wa Ulaya wameumizwa sana na swali la mkono wa nani ulishika brashi. Swali hilo lina uzito, hasa kwa mtu aliyelipa fedha nyingi na kwa familia inayodai haki yake. Hata hivyo lisitufanye tusahau kwamba fundi wa pwani, awe wa milango au wa majahazi, siku zote amefanya kazi na wanagenzi, na mlango ukaitwa wake.

Kwetu sisi walimu wa lugha liko jambo jingine ambalo wanahistoria wa sanaa wamelipita haraka. Lilanga alizipa kazi zake majina ya Kiswahili, na mengi ya majina hayo si neno moja au mawili kama tulivyozoea makumbusho. Ni sentensi nzima, zenye mtendaji, sharti na matokeo, kama maneno ya mzee anayemwonya kijana au ya jirani anayesimulia yaliyotokea jana. Jina linakuambia nani kamkosea nani. Bila jina unaona vikaragosi. Ukilisoma unaona ugomvi, deni, ukarimu, wivu. Katalogi za nje mara nyingi hufupisha au hutafsiri majina hayo, na kinachopotea ni ile sauti ya msemaji. Mchoro wa Lilanga ulioandikwa tu "Shetani" ni mchoro uliokatwa ulimi.

Ndiyo maana nililibadilisha zoezi langu. Sasa nawapa wanafunzi picha bila jina, nawakataza kulitumia neno shetani, kisha nawataka waandike sentensi moja ambayo mchoraji angeweza kuiandika nyuma ya ubao. Sentensi iwe na angalau vitenzi viwili. Wanaposoma kwa sauti, darasa huamua kama sentensi inatoka pichani au imebandikwa tu. Mara nyingi wanabishana hadi kipindi kinakwisha, na sarufi ya -ki- ya sharti wanaijifunza bila mimi kuitaja.

Yule binti wa Koyama aliandika hivi chini ya picha yake: "Mgeni amefika, wote wamemchekea, na hakuna aliyesogea ampishe kukaa."