Haller na msitu uliomea katika machimbo ya saruji Bamburi

MSAFIRI aendaye Mtwapa kwa barabara kuu ya Malindi hufika Bamburi akaona mtambo wa saruji, na karibu yake miti mirefu ya mivinje iliyosongamana kama msitu wa kale. Si msitu wa kale. Mahali hapo palikuwa shimo la mawe, na kila mti uliopo una umri mdogo kuliko mtambo wenyewe.

Kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka wa 1954. Malighafi yake ni mwamba wa matumbawe, mabaki ya miamba ya bahari iliyobaki nchi kavu maji yalipopungua zamani za kale. Mwamba huo ulichimbwa hadi karibu kabisa na maji ya chini ya ardhi, kisha mashine zikahamia mbele. Nyuma yake palibaki uwanda mweupe usio na udongo wala kivuli, wenye joto la kuchoma nyayo na vidimbwi vya maji ya chumvichumvi.

Aliyepewa kazi ya kufufua uwanda huo ni René Haller, Mswisi aliyezaliwa mwaka wa 1933 na kusomea kilimo na bustani. Alikuja Afrika Mashariki mwaka wa 1956, akasimamia shamba la kahawa katika sehemu za Kilimanjaro, na mwaka wa 1959 akaajiriwa na kampuni ya Bamburi. Majaribio ya kupanda miti ndani ya machimbo yalianza mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa aina 26. Baada ya miezi michache zilisalia tatu tu: mnazi, mdamasi wenye asili ya Somalia, na mvinje.

Mvinje ndio uliobeba mzigo. Mti huu, ambao watu wa Pwani wanaujua kwa boriti na kuni zake, huvumilia chumvi, na katika vinundu vya mizizi yake huishi bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani. Kwa hiyo unaweza kumea pasipo rutuba, mradi mizizi iyafikie maji. Nayo maji hayakuwa mbali, kwa kuwa wachimbaji walikuwa wamekwisha kuondoa mwamba wote wa juu.

Hata hivyo, miti kuota si msitu kuwapo. Majani ya mvinje, membamba mfano wa sindano, yalianguka yakarundikana bila kuoza, kwa sababu yana tanini inayowashinda vijidudu vya kuozesha. Udongo haukuweza kupatikana kwa njia hiyo. Hapo ndipo Haller alipomwona jongoo mwekundu wa miguu, yule ambaye wageni humwita kwa utani gari-moshi la Mombasa, akiyatafuna majani hayo. Wakakusanywa majongoo kwa mamia kutoka maeneo jirani, wakaachiliwa machimboni. Waliyala majani, na kinyesi chao kikawa chakula cha bakteria, kikageuka mboji. Bandu bandu huisha gogo, wasemavyo wazee. Hapa bandu bandu ilifanya udongo.

Sehemu hii ndiyo inayostahili kukaliwa zaidi na wanaopanga miji. Mjini Paris, bustani ya Buttes-Chaumont iliyofunguliwa mwaka wa 1867 nayo ilijengwa juu ya machimbo ya mawe, lakini udongo wake ulisombwa kutoka kwingine kwa gharama kubwa. Bamburi udongo ulitengenezwa palepale, na mdudu ambaye watoto wetu humchokora kwa kijiti. Manispaa nyingi za Afrika haziwezi kumudu njia ya Paris. Njia ya Bamburi haihitaji fedha nyingi, ila miaka na mtu wa kutazama.

Mboji ilipopatikana, chini ya mivinje iliweza kupandwa miti mingine, ikiwemo ya asili ya pwani hii. Sambamba na hayo yalichimbwa mabwawa ya samaki. Haller na mwenzake Balarin walichapisha mwaka wa 1982 utafiti wao juu ya ufugaji wa ngege katika matangi. Kanuni ya shamba hilo ilikuwa kwamba taka ya kiumbe kimoja iwe riziki ya kingine. Waliletwa mamba, pofu, choroa, twiga na viboko, na mwaka wa 1984 eneo likafunguliwa kwa umma. Mwaka wa 1987 Haller alitunukiwa tuzo ya Global 500 ya Mpango wa Mazingira wa Umoja wa Mataifa. Baadaye hifadhi ikapewa jina lake.

Ulimwengu, ajabu, uliijua zaidi kwa kisa kingine: kiboko mchanga Owen, aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 karibu na Malindi, akamfanya kobe mkongwe aitwaye Mzee kuwa mlezi wake. Ni kisa kitamu. Lakini jongoo alifanya kazi kubwa zaidi.

Sifa hizi zisitufumbe macho. Utengenezaji wa saruji hutoa kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ya kaboni inayotokana na shughuli za binadamu duniani, na mivinje ya Bamburi haiwezi kulipa deni hilo. Tena msitu huu una ukuta na kiingilio. Mkazi wa Mtopanga au Kiembeni hufaidi upepo wake kabla ya kufaidi kivuli chake. Pengo hilo taasisi ya Haller Foundation, iliyoanzishwa mwaka wa 2004, imejaribu kulipunguza kwa kufundisha wakulima wadogo wa jirani jinsi ya kuhifadhi maji na kurutubisha ardhi.

Lililo zito kwa wakazi ni maji. Shimo lililochimbwa hadi karibu na maji ya chini, likiachwa tupu mjini, hugeuka jaa upesi, na uchafu wake huteremka katika matumbawe yenye vinyweleo hadi visimani. Bara la Kisauni lina watu wengi wanaotegemea visima hivyo kila mifereji inapokauka. Shimo lenye miti na wasimamizi halitupwi taka.

Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 inaruhusu kutolewa amri ya kurejesha ardhi iliyoharibiwa, na Sheria ya Madini ya 2016 inamtaka mchimbaji awe na mpango wa urejeshaji. Haller alianza pasipo sheria yoyote kati ya hizo. Mwezi Desemba 2024 kampuni ya Bamburi ilinunuliwa na Amsons ya Tanzania, na msitu ukaingia mikononi mwa mmiliki mpya pamoja na mitambo na machimbo ambayo bado hayajapandwa kitu.